Mita Mia Mbili na Nane

Asubuhi za mwezi wa saba Karatu hunuka moshi wa mikaratusi mibichi. Ukungu hushuka kutoka msitu wa Ngorongoro na kulala juu ya mashamba ya ngano mpaka saa nne, na moshi wa jiko la shule, kwa kukosa pa kupandia, ulikuwa ukiingia madarasani na kukaa nasi kwenye madawati. Mpaka leo nikikutana na harufu hiyo, vidole vya mkono wangu wa kulia hujikunja kama vya mtu aliyeshika kalamu kwenye mtihani, na moyo hunienda mbio kabla sijajua kwa nini. Nilikuwa kidato cha tano, na umri wa miaka kumi na saba, umri ambao nyumbani kwetu Rhotia mtu alihesabiwa mkubwa akitumwa kuni, na mtoto akitaka kusema. Shule yetu ilikuwa juu kidogo ya mji, upande wa barabara iendayo lango la Ngorongoro, na magari ya watalii yalipita hapo tangu alfajiri, moja baada ya jingine, yakituachia vumbi jekundu kwenye madirisha.

Mwalimu wetu wa fizikia aliitwa Tarimo, mtu wa Rombo, mrefu, mwenye sweta la kijivu ambalo sikumwona hajalivaa muhula mzima. Hakuwa mtu wa fimbo. Alikuwa na namna yake ya kusimama mbele ya mwanafunzi asiyejua jibu na kunyamaza tu, mpaka mwanafunzi akaitamani hiyo fimbo. Muhula huo alitufundisha mwendo wa vitu vinavyorushwa. Jiwe lilirushwa, mpira ulirushwa, risasi ilirushwa, maji yaliruka kutoka kwenye bomba, na kila mara sisi tuliulizwa kitu hicho kitaanguka wapi na baada ya muda gani. Tulisoma kwa Kiingereza kama masomo yote ya sekondari, na kuongea Kiswahili darasani lilikuwa kosa la kufagia uwanja. Mimi nilizikariri zile kanuni kama nilivyokariri katekisimu nikiwa mdogo, neno kwa neno, bila kuuliza. Maswali ya kawaida niliyapata. Swali likigeuzwa kidogo, jasho lilinitoka kwenye baridi ile ile. Hakuna aliyejua. Siri ya mtungi aijuaye kata, nami nilikuwa kiranja wa darasa, binti mwenye mwandiko mzuri, na baba yangu, mkulima na mzee wa kanisa, alikwishawatangazia majirani wote kwamba Emiliana wake atakuwa injinia.

Nyuma kabisa ya darasa alikaa Saning'o. Kwao ni Piyaya, ng'ambo ya kreta ya Ngorongoro, mbali kwenye mbuga za kuelekea Loliondo, ambako lori lilimchukua siku nzima kufika likiwa halijaharibika. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, kwa hiyo alinyamaza, na watu wakachukua kunyamaza kwake kuwa ni kutokujua. Lakini kwenye hesabu alikuwa na jambo lake. Aliandika namba chache, hazizidi mstari mmoja, halafu jibu, na jibu mara nyingi lilikuwa sahihi. Mwalimu Tarimo hakulipenda jambo hilo. "Fizikia si ramli," alimwambia mara moja akimrudishia daftari, tena kwa Kiswahili, kuonyesha jinsi alivyokasirika. "Njia iko wapi?" Saning'o alisimama, akatazama chini, akakaa.

Katikati ya muhula ukaja mtihani ambao mwalimu alisema wazi utakuwa wa kuchekecha. Ambaye angepata chini ya hamsini angeondolewa kwenye mchepuo wa sayansi. Jumanne alasiri, siku moja kabla ya mtihani, nilipeleka madaftari ya darasa ofisini kwa walimu, kazi niliyoifanya kila wiki. Ofisi ilikuwa tupu. Nilipofungua mlango upepo uliingia pamoja nami, ukainua karatasi moja kwenye meza ya Mwalimu Tarimo na kuiangusha miguuni pangu. Niliiokota ili niirudishe. Macho hayana pazia. Ilikuwa karatasi ya majibu ya kusahihishia, imeandikwa kwa kalamu nyekundu, majibu tu bila njia, na mstari wa chini kabisa ulisema: swali la nane, sekunde 6, mita 208. Nikasikia viatu kwenye korido. Badala ya kuiweka mezani niliiachia ianguke tena sakafuni, nikaweka madaftari, nikatoka. Mlangoni nilipishana na Saning'o, aliyekuwa anakuja kuomba ruhusa ya kwenda zahanati. Jino lilikuwa linamsumbua, shavu limevimba. Alinisalimia kwa kichwa.

Kesho yake nilipofungua karatasi ya mtihani nilikwenda moja kwa moja kwenye swali la nane. Jiwe linarushwa kutoka ukingo wa mwamba wenye kimo cha mita sitini, kwa kasi ya mita arobaini kwa sekunde, likielekea juu kwa pembe ya digrii thelathini. Litaangukia umbali gani kutoka chini ya mwamba? Nililisoma mara nne. Sikujua pa kuanzia. Nilisikia kalamu za wenzangu zikisita na kufuta, na nikajua kwamba nao hawajui. Namba zile mbili zilikuwa kichwani mwangu zikiwaka kama taa ya gari ukunguni. Nikaandika kanuni ndefu tuliyofundishwa, nikaijaza namba, nikapiga mistari mizuri kwa rula, na nilipofika mahali ambapo kanuni ilinishinda, niliruka, nikaandika sita. Kisha mia mbili na nane. Nikapigia mstari mara mbili.

Ijumaa mwalimu aliingia na karatasi zetu kwapani na hakujibu salamu yetu. Alisema swali la nane wamelipata watu wawili tu. Alisema pia kwamba Jumanne aliikuta karatasi yake ya majibu sakafuni, na kwamba kuna mwalimu aliyemwona Saning'o ofisini saa hiyo. Mimi hakuna aliyenitaja. Kiranja akiingia ofisini ni kama paka wa jikoni, hahesabiwi. Akainua karatasi yangu, akawaonyesha wenzangu mistari yangu iliyonyooka. Akainua ya Saning'o. Palikuwa na namba sita tu: 2, 20, 80, 4, 6, 208.

"Njoo ubaoni," alimwambia kwa Kiingereza. "Eleza."

Saning'o alikwenda. Shavu lake lilikuwa bado limevimba. Alichora mwamba, akachora jiwe, akafungua kinywa, na Kiingereza kikatoka vipande vipande, jiwe linakwenda, jiwe linachoka. Darasa likacheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka ili nisionekane sikucheka. Akaishusha chaki.

"Mwalimu, naomba nieleze kwa Kiswahili."

"Mtihani wa taifa utakuuliza kwa Kiswahili?"

Mwalimu alisubiri kwa ule unyamavu wake. Nilikuwa nimekaa dawati la mbele, hatua tatu kutoka kwao. Nilijiambia nitahesabu mpaka kumi, kisha nitasema. Nilihesabu. Nilifika ishirini. Ndipo mwalimu alipomwambia akusanye vitu vyake, arudi kwao, na asionekane shuleni mpaka aje na mzazi.

Jumamosi asubuhi karatasi yangu ilikuwa imebandikwa kwenye ubao wa matangazo ili wengine wajifunze namna ya kuandika njia. Nilipita hapo nikielekea bwenini na nikamkuta Saning'o, tranka lake jeusi chini, akingoja lori la mahindi lililokuwa linakwenda Loliondo. Alikuwa anaisoma karatasi yangu. Aliisoma kwa utulivu, kidole kikifuata mistari, mpaka kidole kikasimama.

"Emi," alisema kwa sauti ndogo, "hapa alama imegeuka. Ulitakiwa utoe, umejumlisha. Huu mlinganyo hauna jibu. Hautoi sita, hautoi namba yoyote."

Nilitazama kidole chake, nikatazama lango. Lori lilikuwa limeshapiga honi.

"Utamwambia mwalimu?" nilimuuliza. Hayo ndiyo maneno niliyoyapata. Sikusema samahani.

Alishusha kidole. Nadhani mpaka pale alikuwa anafikiri nimekosea tu. "Mimi?" alisema. "Mimi nasafiri." Akainua tranka, akaliweka begani, akaenda. Nililiona lori likipanda kuelekea lango la hifadhi mpaka ukungu ukalimeza.

Jumapili ilikuwa siku ya wazazi kututembelea. Baba alikuja na koti lake la kanisani, amebeba mahindi ya kuchoma yaliyofungwa kwenye gazeti, bado yana joto. Habari za karatasi yangu kubandikwa zilikuwa zimemfikia njiani kupitia mzazi mwingine. "Nionyeshe hiyo karatasi," alisema kabla hata hajaketi. Tulikwenda kwenye ubao. Baba hasomi Kiingereza, na fizikia hakuwahi kuiona. Alilitafuta jina letu, Akonaay, akalipata juu kulia, akaligusa kwa kidole chake cha jembe, polepole, kama mtu anayegusa paji la uso la mtoto kuona kama ana homa. Wazazi wengine walikuwa wanapita. Alitaka wamwone amesimama hapo.

"Baba, si yangu," nilisema.

"Jina si lako?"

"Jina ni langu. Jibu niliiba."

Nikamweleza yote pale pale, kwa Kiiraqw chetu cha nyumbani, kwa sauti ya chini, ili wanaopita wasisikie. Kidole chake kilibaki juu ya jina. Alipokuja kusema, hakuuliza juu yangu. "Huyo kijana kwao wapi?"

"Piyaya."

"Ameondoka lini?"

"Jana."

Alitikisa kichwa mara moja, akakaa kwenye benchi chini ya ubao, akaweka mahindi magotini. "Nenda kwa mwalimu," alisema. "Mimi nipo hapa."

Mwalimu Tarimo alikuwa nje ya nyumba yake, mikono ya sweta imekunjwa, anamenya ndizi za mtori. Nilimwamkia, akaitikia, nikasema bila kupumzika kama mtu anayetapika. Hakunikatiza. Alipomaliza kunisikiliza alinawa mikono, akaenda mwenyewe kuibandua karatasi yangu, akarudi nayo, akaketi kwenye kigoda na kuifanya hesabu yangu upya kwa kalamu ya risasi. Nilisimama. Kalamu ilifika mahali nilipokuwa nimeruka, ikasimama. Chini ya kipeuo cha pili kulikuwa na namba hasi, kama Saning'o alivyosema. Lakini mwalimu hakuwa anaitazama namba. Alikuwa anaitazama alama yake ya vema, nyekundu na kubwa, aliyoiweka pembeni mwa mstari huo kwa mkono wake.

"Nilisahihisha mwandiko," alisema. Hakuwa ananiambia mimi.

Kisha alileta karatasi ya Saning'o, akaiweka juu ya yangu, na kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko mtihani wenyewe aliutazama ule mstari mtupu wenye namba sita. Aligusa mbili, akagusa ishirini, midomo ikicheza. Akafika themanini. Halafu akasimama ghafla, kigoda kikaanguka, akazunguka uani akiwa ameshika kichwa.

Jumatatu mwalimu aliliambia darasa kila kitu, kosa langu na kosa lake. Nilipewa sifuri, nikavuliwa ukiranja, nikapewa adhabu ya wiki mbili za kuchota maji ya jikoni. Hayo niliyabeba. Lililonishinda ni kungoja. Piyaya wakati huo haikuwa na mtandao wa simu wa kutegemea. Mwalimu aliandika barua, akampa dereva wa lori, na ya pili akampa dereva mwingine, asiamini kwamba ya kwanza itafika. Wiki ikapita. Dereva akarudi na habari kwamba barua ameiacha dukani, kwa kuwa kijana hayupo bomani. Kiangazi kimekaza, baba yake amempeleka na ng'ombe upande wa Enguserosambu kutafuta majani. Majuto ni mjukuu, husemwa, lakini wangu hakungoja uzee. Kila lori lililoshuka kutoka langoni nililitazama nikiwa na ndoo kichwani, na kila mara alishuka mtu mwingine.

Siku ya kumi na tisa Saning'o aliingia darasani akiwa nyuma ya baba yake. Mzee alikuwa mwembamba, amejifunga shuka jekundu la lubega, juu yake koti la suti, fimbo mkononi. Tulisimama wote tukamwamkia, akaitikia. Mwalimu Tarimo alimpa kiti chake mwenyewe, akabaki wima mbele yetu, na akasema kwa Kiswahili, taratibu, kwamba amemfukuza kijana asiye na kosa kwa sababu hakutaka kumsikiliza, na kwamba anamwomba radhi yeye na mzee. Sikuwahi kumwona mwalimu akifanya hivyo mbele ya wanafunzi, na sijaona tena. Kisha akamwomba Saning'o aeleze lile swali, kwa lugha anayoitaka.

Saning'o alichora ule mwamba wake tena. "Jiwe lina kazi mbili," alisema, "na hizo kazi haziulizani. Moja ni kwenda mbele, moja ni kupanda na kushuka. Kwa pembe hii nusu ya kasi inakwenda juu, mita ishirini kwa sekunde, na dunia inalipunguzia kumi kila sekunde. Sekunde mbili, limechoka. Hapo limepanda mita ishirini juu ya mwamba wa sitini. Kwa hiyo liko mita themanini juu ya ardhi, na kwa kupanda limesimama. Sasa nasahau kwamba lilirushwa. Ni jiwe lililodondoka tu kutoka mita themanini. Hilo linachukua sekunde nne. Mbili na nne, sita. Na ile kazi ya kwenda mbele haikusubiri. Ilikuwa inakwenda muda wote, mita thelathini na nne pointi sita kila sekunde. Mara sita."

Nililiona jiwe. Baada ya mwezi mzima wa kukariri, nililiona likipanda, likisita, likianza kuanguka upya, na nikaelewa kwamba nilikuwa sijawahi kuelewa chochote. Mzee alikuwa amefuatilia kila mstari wa chaki, fimbo katikati ya magoti. Akamgeukia mwalimu.

"Ni hilo tu lililomfukuza?"

"Ni hilo tu, mzee," alisema Mwalimu Tarimo.

Mchana huo nilimfuata Saning'o kwenye bomba la maji, nikamwomba msamaha. Alisema ameshasamehe, akaniomba daftari la kemia anakili aliyoyakosa. Hakuyafidia yote. Kemia ilimwangusha kwenye mtihani wa mwisho, na uhandisi aliokuwa akiuwazia haukumpata. Mimi nilirudia mtihani wa kuchekecha, nikapata hamsini na mbili za jasho langu, nikabaki. Baba hakulitaja tena jambo lile mpaka leo, na habari za injinia hakuwatangazia tena majirani.

Sasa mimi ni fundi sanifu wa maji hapa hapa Karatu. Binti yangu naye anasoma fizikia, bado kwa Kiingereza, na akikwama hupiga picha swali kwa simu, na simu humpa jibu na njia yake yote, kila alama mahali pake. Wizi wa siku hizi hauachi mlinganyo usio na jibu. Minara imesimama mpaka kule mbugani. Neno likisemwa Karatu asubuhi, Piyaya wanalijadili kabla chai haijapoa. Barua za mwalimu wangu zilichukua siku kumi na tisa, na nilikuwa nimezoea kuhesabu kosa langu hivyo: kunyamaza kuanzia Ijumaa mpaka Jumapili, na baada ya hapo ni ubaya wa barabara.

Mwaka jana nilikutana na Saning'o mnadani. Ni mwalimu wa hisabati upande wa Loliondo, ana mvi mbili tatu kabla ya wakati. Tulikunywa chai na chapati kibandani, tukacheka mambo ya zamani, na katikati ya kicheko akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema. Alipofika kwao siku ile, baba yake alimuuliza kama aliiba. Akasema hakuiba. Mzee hakumwamini, shule haimrudishi mtu bure. Siku saba hakuongea naye, na maziwa aliyoyakamua Saning'o kwa mkono wake, mzee hakuyanywa. Aliyaacha kwenye kibuyu mpaka yakamwagwa. Siku ya nane alimtuma Enguserosambu na ng'ombe, na hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza.

Nilishusha kikombe. Nikamwambia, "Saning'o, nisamehe kwa hizo siku saba."

"Hizo hukuzijua," alisema.

"Sasa nazijua."

Alinitazama, akageuza uso kuelekea ng'ombe waliokuwa wanaingizwa mnadani, akaitikia kwa kichwa.